Kompyuta ya Waride na Wafu wa Nyakitope

Ukifika Kibiti ukamuulizia Waride binti Mahamudu, watu watakuuliza kwanza una shida gani. Ukiwa na karatasi ya kuchapisha, watakuonyesha kibanda cha bati la kijani nyuma ya stendi. Ukiwa umefiwa na mama au dada, watakuonyesha kibanda hichohicho.

Ana kazi mbili. Anachapa barua, hati na mitihani ya walio hai, na anaosha maiti za wanawake. Kazi ya kuosha aliirithi kwa mama yake, Bi Ummy. Ya kuchapa alijifundisha mwenyewe, na kwa hiyo namheshimu zaidi, maana mimi pia sikufundishwa na mtu. Shule niliiacha darasa la nne. Yaliyobaki niliyaokota kwenye magazeti yaliyofungiwa mandazi na kwenye vitabu vya watu waliohama wakaviona vizito kubeba.

Naandika habari zake kwa kuwa hakuna mwingine atakayeziandika. Siku hizi mtu haandikwi mpaka aimbe au aibe.

Waride alizaliwa Ruaruke, miaka michache baada ya sisi kuhamishwa kutoka bondeni. Baba yake, Mahamudu, alikuwa mtoto wa mama yangu mkubwa, ndiyo maana Waride huniita baba mdogo. Alimaliza darasa la saba, akaolewa na Husseini, kondakta wa basi, akakaa naye miaka minane, akafiwa. Hakurudi kwa wazazi. Alipata kazi ya kufagia katika ofisi moja ya hapa mjini, na kila alasiri makarani walipoondoka alikaa mbele ya taipureta na kuandika alichokumbuka: sura za Kurani kwa herufi za Kizungu, majina ya wadogo zake, orodha ya samaki. Siku karani mmoja alipomkuta, alidhani ataadhibiwa. Karani aliisoma karatasi, akamwambia, "Umekosea perege tu. Kesho njoo unisaidie barua."

Ofisi hiyo ilipoanza kutumia kompyuta, na kompyuta nazo zilipoanza kuchoka, Waride alipewa moja iliyokuwa imeandikwa kwa chaki ubavuni IMEKUFA. Mwalimu mmoja mpita njia alimwambia haijafa, ila imezidiwa na virusi na uzee. Akamwekea mfumo unaoitwa Linux, usiohitaji mashine yenye nguvu, akamwachia na flashi yenye mfumo huohuo, na siku tatu za mafunzo. Hizo siku tatu ndizo chuo kikuu cha Waride. Kila amri aliyofundishwa aliiandika kwenye daftari kwa mkono, na zile alizozigundua mwenyewe baadaye aliziandika kwa wino mwekundu.

Sasa niseme juu ya Nyakitope, maana bila Nyakitope habari hii haina mguu.

Nyakitope kilikuwa kijiji chetu, bondeni, mto ukikizunguka pande mbili. Tulilima mpunga kwa mvua na kwa mafuriko, maji yakishuka tukalima mlao: mahindi, kunde na maboga kwenye tope lililobaki. Msimu wa mpunga tulihamia kwenye madungu. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba. Mtu anapika humo, analala humo, anaweka mbegu humo, anawafukuza ndege na nguruwe kutoka humo. Maji yakija, samaki walipita chini ya kitanda chako. Leo nikimweleza kijana hivyo ananiuliza kwa nini hatukujenga nyumba ya maana.

Tulihamishwa tukapelekwa juu, kwenye ardhi kavu, penye barabara. Sitaki kubishana na waliotuhamisha. Wengi wao wamekufa, na barabara ninaitumia. Lakini makaburi hayakuhamishwa. Yalibaki bondeni, safu kwa safu, kutoka kwenye mkwaju hadi ukingoni. Kisha mto wenyewe ukahama, ukala ukingo, ukala mkwaju, ukala safu zote. Mahali walipolala wazee wangu leo wavuvi wanatega nyavu.

Kilichobaki ni majina. Kila mwezi wa Mlisho, kabla ya Ramadhani, watu wa Nyakitope waliotawanyika Ruaruke, Umwe, Mohoro na Mbagala hukutana Ruaruke kuwarehemu wafu wao. Hupikwa wali, husomwa dua, na kila marehemu hutajwa kwa jina. Wazee wetu walisema asiyetajwa hurudi na njaa mwaka mzima. Vijana wanacheka. Mimi sicheki, na wala sisemi ni kweli. Nasema tu kwamba sijapata kuona ubaya wa kumtaja mtu.

Aliyewajua wote alikuwa Bi Ummy. Tangu akiwa binti alikuwa akimsaidia mama yake kuosha, na alikumbuka makaburi kama mwingine anavyokumbuka milango ya mtaa wake. Mimi nilianza kuyaandika majina kwenye daftari kubwa, nikafika mia mbili na tisa. Nikaliweka daftari chini ya kitanda, mvua ikaja, mchwa wakaja, na nililolikuta lilikuwa jalada na vumbi. Mimi niliyekuwa nikiwaambia watu kwamba karatasi haina virusi.

Waride hakunicheka. Alichukua simu, akaenda kwa mama yake, akamwomba aanze upya. Bi Ummy alikaa kwenye mkeka akisuka ukili, akataja. Walifanya hivyo mara kumi na tisa. Kila rekodi ilipokamilika, Waride aliihamishia kwenye kompyuta, maana simu ilikuwa ndogo, imejaa. Alikuwa na nakala kwenye flashi nyingine, mteja akaiazima, akaondoka nayo. Waride alisema atatengeneza nakala nyingine kesho. Aliwahi kuchapa safu nne za kwanza, majina mia na ishirini. Zilizobaki zilikuwa kwenye sauti tu.

Mwaka huohuo Bi Ummy alifariki. Waride alimwosha mwenyewe. Kwa hiyo, ile kompyuta iliyoandikwa IMEKUFA ndiyo ikawa mahali pekee duniani penye wafu wa Nyakitope, na penye sauti ya mama yake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, zikiwa zimebaki siku tisa kufikia dua. Nilikuwa nimekaa kibandani kwa Waride kama nilivyozoea, nikisoma. Mtu wa bodaboda akaja kumwita: kuna mama amefariki upande wa Umwe. Waride alifunga kitambaa chake cha kuoshea, kafuri na sabuni, akaniambia, "Ba'mdogo, kaa hapo. Mteja akija mwambie arudi baada ya alasiri. Na hiyo kompyuta usiiguse, inajisasisha."

"Naam," nikasema.

Nililisikia neno, lakini halikuingia. Kwangu kujisasisha lilikuwa neno la redioni.

Baada ya adhuhuri kile kijisanduku cha LUKU ukutani kikaanza kulia, kuonyesha umeme unakaribia kuisha. Nikatazama kioo cha kompyuta. Hakukuwa na picha wala barua, ni herufi nyeupe tu juu ya weusi, zinapanda mbio, mstari juu ya mstari, na hakuna anayezisoma. Mimi nimekulia kwenye koroboi. Tangu utotoni sijaacha taa ikawaka katika chumba kisicho na mtu. Mama yangu alinipiga kwa hilo mara moja, na mara moja ilitosha. Nikapitisha mkono nyuma ya meza, nikaibonyeza swichi ya ukutani. Kioo kikafa. LUKU ikanyamaza. Nikarudi kwenye gazeti langu, nimeridhika kabisa.

Waride alirudi akinukia kafuri na udi. Akaona kioo cheusi, akaangalia ukutani. Nilikuwa nimeshaiwasha tena swichi, maana mteja mmoja alitaka kuchaji simu. Akabonyeza kitufe cha mashine. Ikaunguruma, ikaandika mstari mmoja wa Kiingereza, na chini yake kialama kikawa kinapepesa, kinapepesa. Akazima, akawasha. Yaleyale.

"Umeme ulikatika?" akaniuliza.

Hapo ndipo nilipotenda kosa langu la pili, na hili silisingizii koroboi. Nikasema, "Labda."

Akatoka kwenda kwa Habiba, jirani yake mwenye mashine ya kusaga. Habiba akamwambia amesaga tangu asubuhi bila kusimama, umeme haukukatika hata kidogo. Waride akarudi na uso mwingine.

"Haukukatika," akasema. "Basi ni diski. Diski ndiyo inakufa."

Aliizima, akachomoa waya, akakaa akiitazama. Akanieleza polepole kama anayeeleza ugonjwa wa mzazi: diski inayokufa haiwashwiwashwi ovyo. Kila unapoiwasha huenda unaimalizia pumzi iliyobaki. Kuna mafundi Dar wanaofungua diski na kuokoa kilichomo, lakini wao huchukua wiki nyingi. Dua iko siku tisa mbele.

"Na zile rekodi za mama zimo humo tu?" nikauliza, hali najua.

"Zimo humo tu."

Akavua kanga ya begani, akaifunika mashine. Nikaaga.

Asubuhi nilimkuta Hemedy ndiyo kwanza anafika, Waride ameshamweleza kwa simu habari ya diski. Hemedy ni fundi wa simu na kompyuta, mtu mzima mwenye watoto watano na kipaza sauti mlangoni kwake. Alipoiona kanga juu ya mashine alipiga kofi.

"Shikamoo babu. Dada Waride, mbona umeivalisha? Inaolewa?"

"Hemedy, leo sina utani."

"Pole, dada yangu. Lakini nilikwambia siku nyingi. Hiyo Linux yako ni dawa ya kienyeji, inatibu mpaka siku inapokuua. Nipe niende nayo, mpaka saa saba imeshapona. Napiga window tu."

Msomaji asiyeishi kwetu huenda hajui. Kupiga window ndiyo tiba ya mafundi wetu wote. Kompyuta ikiwa nzito, wanapiga window. Ikigoma kuchapisha, wanapiga window. Maana yake ni kufuta kila kitu kilichomo na kuweka mfumo mwingine juu yake, na mwenye mashine huipokea ikiwa safi, nyepesi, haina hata picha ya mtoto wake. Watu hulipa na kushukuru.

"Na mafaili yangu?" akauliza Waride.

"Kuna programu ya kuyarudisha."

"Imewahi kurudisha?"

"Mara nyingine." Hemedy akajikuna shingo. "Dada, tuseme ukweli. Kama diski inakufa, ukingoja watu wa Dar itafia kwenye basi. Afadhali niijaribu leo."

Waride alishika pindo la kanga. Nilimwona anavyopima. Aliwahi kuniambia kwamba mwosha maiti mbaya ni yule anayeogopa, kwa kuwa hofu humfanya aharakishe. Sasa yeye ndiye aliyekuwa anaogopa, na mimi nilijua anaogopa kitu ambacho hakipo. Akaiondoa kanga. Akaanza kufungua waya za nyuma, mmoja mmoja, akizikunja. Hemedy akanyanyua mkoba.

Nikasema, "Waride. Diski haina ubovu. Ni mimi niliyezima."

Mikono yake ikasimama.

"Ulizima nini?"

"Kompyuta. Jana, ukutani. Nilidhani inawaka bure."

Hemedy akaangua kicheko. "Babu! Tangu jana unamwangalia anaililia diski!" Kisha akamwona Waride hacheki, akajikohoza, akautua mkoba.

Waride hakunigombeza. Ingekuwa nafuu. Alivuta kigoda akakaa mbele yangu, akaniuliza kama polisi. Ilikuwa saa ngapi? Nikamwambia imamu alikuwa ametoka kutoa salamu ya adhuhuri. Kiooni kulikuwa na nini? Herufi nyeupe. Zinakwenda au zimesimama? Zinakwenda mbio. Unakumbuka neno lolote?

Hapo angalau nilikuwa na faida. Mtu aliyejifundisha kusoma peke yake husoma kila kitu, hata asichokielewa. Nikachukua kalamu nikamwandikia maneno mawili ya Kiingereza yaliyorudiwa mwanzo wa kila mstari, na namba iliyokuwa chini kabisa, sitini na mbili kwa mia.

Akaisoma ile karatasi. Akapumua kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Ilikuwa imeshashusha kila kitu, ilikuwa katikati ya kuvipanga," akasema. "Haijafa. Imekatizwa." Kisha kwa sauti ileile, bila kunitazama: "Ungesema jana, ba'mdogo, ningelala."

Nikairudisha kalamu mahali pake.

"Sasa si ndiyo rahisi zaidi?" akasema Hemedy. "Kama diski ni nzima, piga window, wiki hii hii unaendelea na kazi."

"Hemedy, dungu likiinama unaanza na nini?"

"Mimi dungu nimeliona wapi? Mimi mtoto wa lami."

"Baba yangu aliniambia. Dungu likiinama husimamishi nguzo, wala huvunji ujenge jipya. Unapanda juu, unashusha mbegu. Mbegu ikishafika chini, hata dungu likianguka, limeanguka dungu tu."

Nilimtazama. Mahamudu alikuwa akisema hivyo kweli, na nilidhani neno hilo limekufa naye. Kumbe limekaa miaka yote hiyo ndani ya mwanamke aliyezaliwa juu, kwenye ardhi kavu, asiyewahi kulala kwenye dungu hata siku moja.

Alirudisha waya mahali pake. Akatoa ile flashi ya mwalimu kutoka kwenye kikopo cha pini. Akaichomeka, akawasha, akabonyeza vitufe mpaka mashine ikaacha kuangalia diski yake na kuanza kusoma flashi. Ikamuuliza swali: anataka kuweka mfumo mpya au anataka kuujaribu tu bila kugusa kilichomo? Kidole chake kilikaa hewani. Akanisomea swali kwa sauti ili asikosee, kisha akachagua kujaribu.

Kioo kikafunguka, kina rangi na picha, kama hakijawahi kuugua. Hemedy akasema, "Lo." Waride akafungua folda ya nyumbani.

Ilikuwa tupu.

Nje mashine ya Habiba ilikuwa inasaga. Waride akafunga folda, akaifungua tena. Tupu. Akaweka viganja viwili juu ya meza, akafumba macho, midomo yake ikasoma kitu. Kisha akafumbua, akanyoosha kidole kwenye maandishi ya pembeni mwa kioo.

"Hii si nyumba yangu," akasema. "Hii ni ya flashi. Mgeni amekuja na begi lake, mimi nalipekua begi lake."

Alibonyeza pembeni, kwenye jina la diski yenyewe. Ikafunguka. Ndani yake kulikuwa na folda yenye jina lake, na juu ya folda alama ya kufuli. Mfumo wa kwenye flashi haukumjua. Ulimwona kama mwizi anayegonga kwa jirani. Akafungua daftari lake la amri, akanipa.

"Soma. Polepole. Nafasi useme nafasi, nukta useme nukta."

Nikasoma. Mzee wa miaka sabini na minane, namsomea herufi moja moja lugha isiyo ya watu, naye anaandika. Mara mbili alinirudisha. Mara ya tatu kufuli likaondoka. Ndani ya folda yake kulikuwa na folda nyingine iliyoandikwa MAMA, na ndani yake faili kumi na tisa.

Akafunika uso kwa ushungi kidogo, akaufunua, akaendelea na kazi.

"Nazipeleka wapi?" akasema. "Flashi hii haina nafasi."

Hemedy aliingiza mkono kwenye mkoba wake, akatoa diski ndogo ya nje. "Shika, dada. Ina harusi ya watu Mohoro, usije ukaifuta. Bibi harusi ana kaka saba."

"Sasa nani anapiga window?"

"Haya, nimekoma."

Zikanakiliwa. Baada ya zile za mama yake alichukua na majina mia na ishirini aliyochapa, kisha barua za wateja, kisha kila kilichokuwa chake. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kusema alhamdulillahi. Waride akasema bado. Faili linaweza kuwa na jina na lisiwe na kitu ndani, kama mtungi. Akazinakili tena zile kumi na tisa kwenye kadi ya simu yake, akachomeka visikilizio, akanipa simu, daftari jipya na kalamu mbili.

"Utasikiliza zote, ba'mdogo. Mwanzo hadi mwisho. Kila jina uliandike. Mimi siigusi diski mpaka uniambie ziko nzima."

Zilikuwa saa kumi na moja za sauti. Sikuuliza kama ni kazi au ni adhabu.

Nilikaa kwenye kona ya kibanda chake Alhamisi, Ijumaa kabla na baada ya swala, Jumamosi na Jumapili. Rekodi ya kwanza ilipoanza, nilisikia kwanza ukili unakwaruza, kisha kuku, kisha Bi Ummy akisafisha koo. Alianzia kwenye mkwaju. Alitaja jina, la baba, na neno moja la kumkumbuka: huyu alikuwa na mwendo wa upande, huyu alikufa na mbegu mkononi, huyu hakukubali kuhama akazikwa wa mwisho. Maneno mengine aliyasema kwa Kindengereko, na yapo ambayo nilikuwa sijayasikia tangu mama yangu afe. Wajukuu zangu wakiyasikia watadhani ni Kijaluo. Niliyaandika yote.

Jumapili asubuhi nilikuwa nimefika safu ya sita. Bi Ummy alisema, "Hapo ni Mwanajuma binti Mohamedi, mama yake shemeji Nasibu." Nasibu ni mimi, na huyo ni mama yangu. Nikamwandika. Ukili ukakwaruza. Kisha akasema: "Mguuni pake kuna kichanga cha kike cha shemeji Nasibu. Siku tano. Hakikutangazwa jina, lakini mama yake alikuwa akikiita Hadija. Mimi na mama tulikiosha. Kilikuwa na nywele nyingi."

Nikasimamisha simu.

Tulizaa mtoto huyo mwaka mmoja kabla ya kuhamishwa. Wazee waliniambia kichanga hakiombolezwi, ni akiba ya peponi, nami nilikuwa kijana mtiifu. Sikulia. Mke wangu hakumtaja mbele yangu, sikujua kwamba alimpa jina, na yeye pia ameshatangulia. Niliandika majina mia mbili na tisa kwa mkono wangu katika lile daftari lililoliwa na mchwa, nikajiona mlinzi wa wafu wa Nyakitope, na huyo hakuwamo. Mchwa hawakumla. Mimi sikumwandika.

Niliirudisha nyuma nikaisikiliza mara ya pili, ili niwe na hakika ya jina. Kisha nikaandika.

Kabla ya magharibi nilimwambia Waride rekodi zote kumi na tisa ni nzima. Jumatatu ndipo alipoigusa diski. Aliingia kwenye mfumo mgonjwa kwa mlango wa flashi, akiwa na simu ya kumpa mtandao, akaandika amri ya wino mwekundu inayouambia mfumo umalize ulichoanza. Ukakataa. Akasoma ulilolalamikia, kulikuwa na kifurushi kimoja kilichobaki nusu. Akakitoa, akaandika tena. Herufi nyeupe zikaanza kupanda. Niliweka mikono yangu mapajani, nikahakikisha anaiona. Ziliendelea mpaka adhana ya alasiri. Akachomoa flashi, akawasha. Kioo kikafunguka na ile picha yake ya zamani, ua la mgomba, na folda zake zote mahali pake.

Habiba alileta uji wa mchele kwa furaha. Hemedy alikuja kuichukua diski yake, lakini Waride akamwomba aiache mpaka dua ipite.

Jumanne na Jumatano alichapa kutoka kwenye daftari langu. Alichapa kwa kasi, macho kwenye karatasi, mpaka alipofika safu ya sita. Vidole vikasimama.

"Ba'mdogo. Huyu?"

"Ndiyo."

"Hujawahi kunambia."

"Sikuwa na la kukwambia. Hata jina lake nimelipata Jumapili."

Akatazama kioo, hakunitazama mimi, na nikamshukuru kwa hilo. Waosha maiti wanajua mahali pa kuweka macho.

"Niandike Hadija nani?"

"Andika binti Nasibu."

Akaandika. Akaendelea hadi la mwisho, mia tatu arobaini na moja, akachapisha nakala tano. Kesho yake Ruaruke Sheikh Tamimu aliyasoma yote bila kuruka, wanawake nyuma ya pazia, sisi juani, na wali ukapoa watu wakivumilia. Lakini hayo yalikuwa ya kesho yake. Jumatano hiyo, karatasi zilipokuwa bado na joto la mashine, Waride alihifadhi faili, akahifadhi na nakala kwenye diski ya Hemedy, akaifunga kompyuta kama inavyotakiwa kufungwa. Akangoja mpaka kitaa chake kikazimika kabisa, na feni ya ndani ikanyamaza.

Akajitanda ushungi, akachukua funguo.

"Haya, ba'mdogo," akasema. "Sasa zima ukutani."